Mtu Aliyeipima Minara kwa Fedha na Zebaki

Tarehe 19 Agosti 1839 siri ya Louis Daguerre, namna ya kulifanya jua lichore lenyewe, ilisomwa hadharani mjini Paris. Siku 80 baadaye, tarehe 7 Novemba, mashine yake ilikuwa imeshafika Iskandaria. Walioibeba ni mchoraji Horace Vernet na kijana aliyefuatana naye, Frédéric Goupil-Fesquet, na mwenyeji wao katika kasri la Ras el-Tin alikuwa Muhammad Ali Pasha, mtawala wa Misri. Goupil-Fesquet alikuja kusimulia kwamba pasha alingoja kwa wasiwasi, na alipooneshwa bamba lililokuwa tupu dakika chache kabla, sasa likiwa na kuta na madirisha yake, alisema hiyo ni kazi ya shetani. Kisha akataka kujifunza.

Walichopiga siku hiyo ni nyumba ya wake zake pasha, kwa nje. Ilikuwa nyumba inayokaliwa, yenye rangi na walinzi. Msikiti haukuhusika, wala gofu. Lakini Vernet na wenzake hawakuwa wamevuka bahari kwa ajili ya nyumba ya pasha. Mchapishaji mmoja wa Paris, Lerebours, alikuwa akikusanya mabamba ya picha kutoka pande zote za dunia ili ayageuze kuwa michoro ya kitabu, na Paris ilichotaka kutoka Mashariki ni mawe ya kale: piramidi, mahekalu, na misikiti iliyochakaa vizuri. Kitabu chake kilitoka kwa awamu kati ya 1840 na 1844. Kwa kuwa wakati huo hapakuwa na njia rahisi ya kuichapa picha yenyewe kitabuni, mafundi wa Paris karibu zote walizinakili kwa mkono, mstari kwa mstari. Nao walipoona barabara tupu na nyua tupu, wakaongeza watu. Huku ngamia, kule mwenye kilemba amekaa kivulini, wote wametoka kichwani mwa fundi ambaye huenda hajawahi kuvuka bahari.

Barabara hizo hazikuwa tupu. Kamera ndiyo haikuwaona waliokuwamo. Daguerre mwenyewe alipoielekeza kamera yake kwenye barabara kuu ya Paris mwaka 1838, magari ya farasi na wapita njia wote walifutika. Akabaki mtu mmoja aliyesimama kung'arishiwa viatu, kwa kuwa ndiye aliyetulia. Kwa kamera ya miaka ile, anayetembea hayupo. Msomaji aliweke hilo akilini, maana nitalirudia.

Aliyekuja baada yao ndiye ninayemtaka. Joseph-Philibert Girault de Prangey alizaliwa mwaka 1804 huko Langres, mji wa kilimani mashariki mwa Ufaransa, katika familia yenye mali ya kutosha kumfanya asiwahi kutafuta kazi. Alisomea sheria, akajifunza kuchora, na miaka ya mwanzo ya 1830 akaenda Hispania. Aliingia Alhambra, na tangu siku hiyo kazi yake ikawa moja. Kati ya 1836 na 1839 alitoa michoro ya majengo ya Kiislamu ya Cordoba, Sevilla na Granada; mwaka 1841 akatoa kitabu kuhusu ujenzi wa Waarabu na Wamori katika Hispania, Sicily na Afrika Kaskazini. Wasomi wa Ulaya wakati huo walikuwa wakibishana juu ya tao lenye ncha, lile linalobeba makanisa yao makuu: limetoka wapi? Wengine walisema ni lao tangu asili. Wengine walinyoosha kidole Kairo, kwenye msikiti wa Ahmad ibn Tulun uliojengwa kati ya 876 na 879, wenye matao ya ncha safu kwa safu, zaidi ya miaka 250 kabla ya mafundi wa Saint-Denis karibu na Paris kulipandisha lao.

Ubishi wa namna hiyo haumalizwi kwa michoro. Mchoraji hunyoosha. Akiona tao limepinda kwa uzee hulichora lilivyokuwa siku ya kwanza, na ufa akauziba kwa kalamu. Pascal Coste, mjenzi wa Marseille aliyewahi kufanya kazi kwa Muhammad Ali na kuruhusiwa kuipima misikiti ya Kairo, alitoa kitabu chake kati ya 1837 na 1839. Ni kazi kubwa, lakini ukiitazama misikiti yake utadhani mafundi wametoka jana. Girault alitaka kitu kisichojua kunyoosha. Mwaka 1842, hajafika miaka 40, akaagiza vyombo, akajifungasha, akaondoka.

Alipita Roma, Athens, Iskandaria, Kairo, Rashid, Istanbul, Izmir, Baalbek, Dameski, Yerusalemu na Aleppo, na njia nyingine akazirudia. Alirudi kwao mwaka 1845 akiwa na mabamba zaidi ya 1,000. Ukigawa kwa siku za safari hiyo unapata karibu bamba moja kwa kila siku moja, na hapo hujatoa siku za punda, za bahari, za homa na za mvua.

Ni vizuri kuelewa bamba moja lilikuwa kazi gani. Lilikuwa la shaba, limevikwa utando wa fedha. Lilisuguliwa kwa unga laini na ngozi, tena na tena, mpaka anayelisugua ajione uso wake. Chembe moja ya mchanga ingeacha mkwaruzo, na hapo ni Misri. Kisha lilifungiwa ndani ya sanduku juu ya iodini. Mvuke ukilipanda, uso wa fedha uligeuka manjano ya dhahabu, na kwa rangi hiyo fundi alijua limekuwa tayari. Mafundi wa Ulaya walikuwa wameshagundua pia kwamba mvuke wa bromini ukiongezwa, muda wa kungoja unapungua sana. Bamba liliingizwa kwenye kamera bila kuona jua, lenzi ikafunuliwa, mtu akahesabu, lenzi ikafunikwa. Likirudishwa gizani halioneshi kitu. Ili kulisafisha, lilitegwa juu ya zebaki iliyopashwa moto kwa taa ya spiriti, na mvuke wa zebaki ukaganda pale tu mwanga ulipogusa. Mvuke huo ni sumu, na mwenye bamba aliuvuta pamoja na bamba lake. Mwisho likaoshwa kwa chumvi iitwayo hypo kuondoa dawa iliyobaki, likamwagiwa maji ya dhahabu juu ya moto mdogo ili picha ishike.

Kinachotoka hapo hakifanani na picha tunazozijua. Ni kioo. Ukilishika bamba wima unaona uso wako. Ukiliinamisha kidogo uso unatoweka na mnara unajitokeza, mwembamba na mkali kiasi kwamba kwa kioo cha kukuzia unaweza kuhesabu safu za mawe. Ukiliinamisha zaidi, nyeupe inageuka nyeusi. Kidole kikipita juu ya mahali pasipolindwa kinafuta. Wala hakuna negativu: lililopo ni hilohilo moja, likipotea limepotea. Tena bamba hugeuza kushoto kuwa kulia kama kioo chochote, isipokuwa mpiga picha aweke kioo kingine mbele ya lenzi. Kwa anayepiga mahekalu ya Kigiriki hilo ni jambo dogo. Kwa anayepiga msikiti wenye aya za hati ya Kufi zilizochongwa ukutani, maana yake ni kwamba msomaji wa Kiarabu analiona neno la Mungu likikimbia kinyumenyume.

Girault alikuwa na jambo lake jingine ambalo mimi hulipenda kuliko yote. Kamera yake ilikuwa kubwa, ya kuchukua bamba la sentimita 19 kwa 24, kipimo ambacho wachache walithubutu kusafiri nacho. Lakini jengo halikulazimika kutoshea bamba. Bamba ndilo lililokatwa litoshee jengo. Kwa mnara alilikata liwe kipande kirefu chembamba, akalisimamisha. Kwa mji uliotandaa alililaza. Alitengeneza vyombo vyake vikubali vipande hivyo vyote, na mara nyingine alipiga zaidi ya picha moja kwenye bamba moja ili asipoteze fedha. Nguzo ya Trajan mjini Roma aliipa bamba jembamba lililosimama kama yenyewe. Ukiyapanga mabamba hayo mezani, ukubwa mbalimbali, unaona mtu anayefanya kama fundi cherehani: kwanza anachukua kipimo cha mteja, ndipo anashika mkasi.

Sasa turudi Kairo, tuone alichokuta.

Ukiuingia mji wa kale kutoka kaskazini, kupitia Bab al-Futuh, upande wa kushoto kuna msikiti mkubwa wa enzi ya makhalifa wa Fatimia. Ulianzishwa mwaka 990 na khalifa al-Aziz, ukamalizwa mwaka 1013 na mwanawe al-Hakim, ambaye jina lake ndilo lililoshika. Tarehe 8 Agosti 1303 tetemeko la ardhi liliitikisa Kairo na vichwa vya minara ya msikiti huo vikaanguka. Amiri Baybars al-Jashankir akaijenga upya. Baada ya hapo ukaanza uchovu wa karne kwa karne. Jeshi la Napoleon lilipoikalia Misri kuanzia 1798 liliutumia kama ngome. Katika karne ya 19 wafumaji kutoka Shamu walisimika mitambo yao ya kufumia chini ya matao. Paa la sehemu kubwa lilikuwa limeanguka, na uani palikuwa na vifusi na majani.

Hilo ndilo gofu la Kairo kwa macho ya Mzungu wa 1843. Lakini hebu sogea karibu. Mahali penye wafumaji pana uzi, pana maji ya kutia rangi, pana watoto wanaotumwa kahawa, pana kelele za mbao zinazogongana kutwa. Ni karakana. Msikiti wa Ibn Tulun nao, mama wa matao yale yaliyowasumbua wasomi, ulikuja kuzibwa matao kwa kuta katika karne hiyohiyo ukawa makazi ya maskini na wagonjwa. Majengo haya hayakuachwa. Yalibadilishwa kazi, kama nyumba ya mirathi inavyopangishwa vyumba vyumba baada ya mwenyewe kufariki. Wanaoliita gofu ni wageni, na mara nyingi huliita hivyo huku wakimtaka mpangaji atoke kwenye picha.

Na kamera ilimtoa bila kuombwa. Mfumaji ambaye mkono wake unakwenda na kurudi haachi alama kwenye fedha. Mwanamke anayevuka ua na mtungi anakuwa ukungu, au si kitu. Kilichobaki ni kile kisichocheza: jiwe, kivuli, ufa. Kwa hiyo Ulaya ilipoanza kuyaona majengo ya Waislamu kwa picha halisi, si kwa michoro, iliyaona yamehamwa. Sisemi Girault alikusudia. Alikuja kutafuta tao, akalipata, na dunia iliyolizunguka ikadondoka wakati wa kuhesabu sekunde. Lakini picha hizo na nyingi zilizofuata ziliwafunza watu jicho fulani, kwamba Uislamu ni kitu kilichokuwa kikubwa na sasa kimelala kwenye vumbi, na jicho hilo bado lipo. Kalenda za watalii zinaliuza mpaka leo.

Si kwamba hakuwaona watu kabisa. Katika mabamba ya Kairo yumo mwanamke mmoja, ambaye Girault alimwandika kwa jina la Ayoucha, bila shaka Aisha kwa namna alivyolisikia. Amesimama, amejifunika, ametulia kwa sababu ameambiwa atulie. Miongoni mwa mabamba zaidi ya elfu, wenye jina ni wachache mno. Minara karibu yote inalo.

Miaka michache baadaye alikuja mwingine, Maxime Du Camp, akizunguka Misri na Shamu kati ya 1849 na 1851 pamoja na rafiki yake Gustave Flaubert. Yeye alitumia karatasi badala ya bamba la fedha, na mwaka 1852 akatoa kitabu chenye picha 125 zilizobandikwa. Du Camp alitaka mtu kwenye picha, lakini kwa kazi moja tu: awe kipimo. Alimchukua baharia wa Kinubi kutoka kwenye jahazi lao, Haji Ismail, akampandisha juu ya nguzo na mabega ya sanamu, nguo kiunoni. Ili asitikisike, Du Camp mwenyewe amesimulia, alimwambia kuwa mrija wa shaba wa kamera ni mzinga, na akicheza tu utampiga. Haji Ismail akasimama kama jiwe. Hivyo ndivyo mmoja wa Waafrika wa mwanzo kujulikana kwa jina kwenye picha za magofu alivyopata nafasi yake: kama rula, na kwa kutishwa. Du Camp alilisimulia kama kichekesho. Mimi nadhani Haji alijua zaidi ya alivyodhaniwa. Aliyeishi na mawimbi ya Mto Nile hatishiki upesi hivyo, na ujira wa kusimama ni bora kuliko wa kuvuta kamba.

Tumwache Du Camp. Mwaka 1843 Girault alikuwa Shamu. Huko kazi ilikuwa ngumu zaidi kwa sababu misikiti mikubwa haikuwa wazi kwa asiye Mwislamu, hasa akiwa na sanduku la miguu mitatu lenye jicho. Mwenye hali hiyo hutafuta paa la jirani au kilima. Ndiyo maana picha nyingi za mwanzo za Dameski na Yerusalemu zinatazama kutoka juu au kutoka mbali: mji wote, mapaa, na katikati yake kuba. Aleppo aliipiga mwaka 1844 akiwa upande wa lango la Antiokia, na bamba hilo lipo. Wakati ule ulikuwa mji wa biashara unaojiendesha kama kawaida, haumwombolezei mtu. Mwezi Septemba 2012 soko lake la kale liliungua vitani, na tarehe 24 Aprili 2013 mnara wa msikiti wake mkuu, uliosimama tangu mwisho wa karne ya 11, ukaporomoka. Mtu aliyetoka kwao kutafuta magofu alipiga huko mji mzima uliosimama, na gofu likaja kufuata miaka 168 baadaye.

Dameski nayo ilikuwa na zamu yake. Moto wa Oktoba 1893 uliteketeza paa la ukumbi wa sala wa msikiti wa Bani Umayya pamoja na mbao zake za kale. Waliotaka kujua ulikuwaje walitegemea waliotangulia na kamera, akina Francis Bedford, aliyepita pale mwaka 1862 katika msafara wa mwana wa malkia wa Uingereza, na akina Bonfils waliofungua studio Beirut mwaka 1867 na kuuza picha kwa wasafiri kama wengine wanavyouza tende.

Girault hakuuza hata moja. Hapa ndipo hadithi yake inapokuwa ya ajabu. Aliporudi aliyaweka mabamba yake kwenye masanduku ya mbao yenye mifereji, kila moja na mfereji wake, kila moja na namba na jina la mahali kwa mwandiko wake. Kisha akakaa kuandika. Kuanzia 1846 alitoa kwa awamu kitabu cha majengo ya Kiarabu ya Misri, Shamu na Asia Ndogo. Michoro ilichorwa kwa kufuata mabamba, ikachapwa kwa jiwe, na kwenye jina la kitabu akaandika kwamba majengo hayo “yamechorwa na kupimwa” kati ya 1842 na 1845. Kupigwa picha hakukutajwa. Kwake bamba lilikuwa daftari la fundi: ukishahamisha vipimo hulioneshi daftari kwa mteja. Wanunuzi walikuwa wachache, na kitabu hakikufika mbali alivyokusudia.

Akaachana na mambo hayo. Katika nyumba aliyojijengea karibu na kwao, akapanda mimea ya nchi za joto ndani ya mabanda ya vioo, akafuga ndege, na akaendelea kuishi hadi 1892 bila mke wala mtoto. Alipokufa nyumba ilibaki ikioza. Katika miaka ya 1920 mtu mmoja wa ukoo wa kikabaila aliyenunua eneo hilo, Charles de Simony, aliyakuta masanduku stoo, yako kwenye mifereji yake, majina yake yanasomeka. Kwa miaka 75 hivi hapakuwa na mtu aliyejua kwamba picha za kwanza zinazojulikana kubaki za Kairo, Yerusalemu, Aleppo, Istanbul na Athens zilikuwa stoo kijijini Ufaransa, zikingoja kuvu. Kaya ile haikuwa na watoto. Labda ndicho kilichoziokoa. Watoto wangezishika, na bamba hili halisamehe kidole.

Yalipofika sokoni ndipo dunia ilipoamka. Mwaka 2003 bamba lake moja lilinadiwa London kwa zaidi ya pauni 500,000, bei ambayo picha yoyote haikuwahi kufikia mnadani kabla ya hapo. Mnunuzi alikuwa Sheikh Saud al-Thani wa Qatar. Msomaji anaweza kudhani ni msikiti. Sivyo: ni hekalu la Zeu mjini Athens. Hata kwa mkusanyaji wa Ghuba, gofu la Kigiriki lilikuwa ghali kuliko la Kiislamu. Mwaka 2019 jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York lilifungua maonesho ya mabamba yake, na huko watu walipanga foleni kuinamisha vichwa mbele ya vioo vidogo ili waone minara inavyojitokeza na kutoweka.

Kabla sijamaliza, niseme neno la Muhammad Sadiq Bey, kwa kuwa akitajwa Girault peke yake watu hudhani kamera ilikuwa mali ya wageni tu. Sadiq alikuwa mhandisi wa jeshi la Misri aliyesoma Paris. Mwaka 1861 aliibeba kamera hadi Madina, akawa wa kwanza kuupiga picha Msikiti wa Mtume, na karibu miaka 20 baadaye, akiwa mweka hazina wa mahmal, msafara wa mahujaji wa Misri, akapiga Makka. Yeye pia alipima, tena kwa hatua na kwa vyombo, umbali kutoka kituo hadi kituo. Tofauti ni kwamba kwake jengo halikuwa ushahidi wa ubishi wa Paris. Alikuwa akisali ndani yake. Hakutafuta ufa, wala hakuhitaji paa la jirani.

Na msikiti wa al-Hakim? Mwaka 1881 Khedive Tawfiq aliunda kamati ya kuhifadhi majengo ya sanaa ya Kiarabu, nayo ikaanza kazi kwa kupima, kuandika na kupiga picha. Mwitaliano Beniamino Facchinelli, aliyekaa Kairo hadi miaka ya 1890, alipita mitaa na misikiti akipiga milango, mbao na minara ambayo mingine haipo tena. Uani kwa al-Hakim serikali ikafungua jumba dogo la makumbusho ya sanaa ya Kiarabu mwaka 1884, likakaa mpaka lilipopata jengo lake huko Bab al-Khalq mwaka 1903. Baadaye palikuwa na shule. Kisha wakaja Mabohora wa Daudi, wale tunaowajua kwa maduka yao ya vyuma na vioo Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, ambao huwahesabu maimamu wa Fatimia kuwa wao. Chini ya Sayyidna Muhammad Burhanuddin waliondoa vifusi, wakasimamisha matao, wakatandika marumaru nyeupe ua mzima, na mwaka 1980 msikiti ukafunguliwa upya, Rais Sadat akiwepo. Wataalamu wa uhifadhi walilalamika, na wengine wanaendelea: wanasema gofu la karne ya 11 limegeuzwa jengo la karne ya 20. Wana hoja. Lakini Bohora wa Mombasa anayesali pale Alfajiri hakwenda kuona gofu, na hoja yake ni ya zamani kuliko ya wataalamu.

Ukienda Kairo, ingia kwa Bab al-Futuh, vua viatu, na kabla hujaikanyaga marumaru tazama juu. Vichwa vya minara, vyenye umbo la chetezo, ni vile Baybars alivyojenga baada ya tetemeko la 1303. Vimo kwenye picha za karne ya 19, juu ya vifusi, na vipo leo, juu ya marumaru.